Kodi Isiyogusa Sahani ya Mtoto: Mwongozo Kamili wa Bajeti ya Fleti kwa Mzazi Mwenye Kipato Kidogo

Wengi wetu tunapotafuta nyumba tunaanzia juu. Tunaiona fleti, tunaipenda, tunaitoa kodi kwenye mshahara, na kinachobaki ndicho tunachowagawia watoto. Asiye na mtoto anaweza kuishi hivyo miaka na miaka; mwezi ukibana analala na chai. Mtoto halali na chai, na ada ya shule haingoji. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyume: tunaanza na watoto, tumbo, nauli na madeni, kisha kilichobaki ndicho kitakachotuambia tukatazame fleti ya namna gani.

Kwa kuwa kila msomaji ana sarafu yake na kipato chake, nitahesabu kwa mafungu. Chukua kipato chako cha mwezi, kigawe mara 100, kila sehemu ni fungu moja. Nikisema chakula ni mafungu 30, zidisha 30 kwa thamani ya fungu lako, umepata tarakimu yako. Tafuta daftari la kawaida na kalamu. Programu za simu zipo, ila daftari halikuletei matangazo ya mikopo.

Hatua ya 1: Tafuta kipato cha kweli

Mwenye mshahara wa kudumu achukue kile kinachoingia mkononi baada ya makato yote. Kile kilichoandikwa kwenye barua ya ajira kiacheni hukohuko kwenye barua.

Mwenye biashara, kibarua au kazi za msimu aandike mapato ya miezi 6 iliyopita, mwezi kwa mwezi, kisha apange bajeti ya kodi kwa mwezi wa chini kabisa. Wastani unapendeza kwenye karatasi, lakini mwenye nyumba hapokei wastani. Mwezi mbaya ukija, kodi inadaiwa nzima. Miezi mizuri ikizidi, ziada yake tutaipa kazi hapo mbele.

Kuna fedha ambazo mzazi huzihesabu kabla hazijafika: matunzo kutoka kwa mzazi mwenzake, msaada wa ndugu, malipo ya saa za ziada. Usibishane na moyo wako. Fungua kumbukumbu za simu au benki uone kilichoingia kweli katika miezi hiyo 6. Kama matunzo yaliingia miezi minne kati ya sita, hayo si kipato cha kulipia kodi. Yaweke upande wa shule, nguo au akiba, ili yakikosekana asiwepo wa kugonga mlango.

Hatua ya 2: Andika gharama ambazo hazina mjadala

Hapa ndipo bajeti nyingi huharibika kimyakimya, na chanzo chake kikubwa ni kalenda. Mwezi hauna wiki nne. Mwaka una wiki 52, ukizigawa kwa miezi 12 unapata wiki 4 na theluthi. Anayetumia mafungu 7 kwa wiki kwenye chakula akizidisha mara nne anaandika 28, kumbe matumizi yake ni zaidi ya 30. Mafungu hayo mawili yanayopotea kila mwezi ndiyo yale tunayoyaulizia tarehe 27, "hela imekwenda wapi?" Kila kitu unachokilipa kwa wiki kizidishe kwa 52, kisha gawa kwa 12.

Vitu vya mwaka navyo vifanye vivyo hivyo. Ada, sare, viatu (miguu ya watoto haiulizi kama umelipwa), vitabu, madawa ya msimu wa mafua, michango ya shule inayozuka. Chora miezi 12 kwenye ukurasa mmoja, andika chini ya kila mwezi kile unachojua kitadaiwa, jumlisha vyote, gawa kwa 12. Jibu hilo ni gharama ya kila mwezi hata kama mwezi huu hakuna anayelidai. Ukurasa huo huo utakuonyesha pia miezi ambayo hufai kabisa kuhama nyumba.

Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wawili, mmoja yuko shule, mwingine bado anahitaji mlezi wa mchana. Mwezi wake wa chini ndio mafungu 100. Chakula kinachukua 30, nauli ya kazini 8, malezi ya mtoto mdogo 12, shule 9 baada ya kugawanya kwa miezi 12, afya 3, sabuni, nepi na nishati ya kupikia 6, simu 2, deni analolipa 4, akiba ya dharura 3. Jumla 77.

Amebakiwa na 23. Hiyo ndiyo bajeti yake ya nyumba, pamoja na maji na umeme. Akitenga 5 kwa maji na umeme, kodi yenyewe isizidi 18.

Huenda ulishasikia kwamba kodi isivuke asilimia 30 ya kipato, na kwa kanuni hiyo mama huyu angejiona ana nafasi ya 30. Ni vizuri kujua kanuni hiyo ilikotoka. Mwaka 1969 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho yaliyoletwa na seneta Edward Brooke, yaliyoweka ukomo wa asilimia 25 ya kipato kwa kodi ya wapangaji wa nyumba za umma. Mwaka 1981 ukomo huo ukapandishwa kuwa asilimia 30. Kilikuwa kiwango cha sheria kwa nyumba za serikali, na hakikuuliza una watoto wangapi wala mlezi anadai kiasi gani. Tena mtakwimu Hermann Schwabe wa Berlin alishaonyesha tangu mwaka 1868 kwamba kadiri kipato kinavyopungua ndivyo kodi inavyomeza sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho. Kwa hiyo ukijikuta umevuka 30, usidhani hujui kupanga matumizi. Na ukiwa chini ya 30, usidhani uko salama. Mama wa mfano wetu akilipa 28 anatimiza kanuni, na watoto wanalala njaa wiki ya mwisho.

Akiba ya dharura nimeiweka makusudi miongoni mwa mambo yasiyo na mjadala. Wengi huiacha iwe kile kitakachobaki, na hakuna kinachobaki. Mafungu 2 au 3 ni kidogo, lakini mtoto akipata homa usiku hayo ndiyo yatakayokuzuia kugusa kodi.

Hatua ya 3: Hesabu bei ya kuishi, acha bei ya kibao

Kodi iliyotajwa na dalali ni sehemu tu ya bei ya fleti. Bei kamili ni kodi, maji, umeme, ada ya taka na ulinzi, nauli ya kazini kutoka pale, nauli ya shule kutoka pale, na malezi ya mtoto kwa saa utakazokuwa njiani. Ukiwa mzazi, hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana.

Mama wetu amepata fleti mbili. Ya kwanza iko mbali, kodi 16, chini kabisa ya kiwango chake. Ya pili iko karibu na kazi na shule, kodi 20, imezidi kwa mafungu mawili. Bila daftari angechukua ya kwanza na kujipongeza.

Sasa tuweke kila kitu. Fleti ya mbali: kodi 16, maji ya kununua 3, umeme 3, nauli inapanda hadi 14 kwa sababu anaunganisha magari mawili, na mlezi anadai 15 badala ya 12 kwa kuwa mtoto anachukuliwa jioni sana. Jumla 51. Fleti ya karibu: kodi 20, maji yamo ndani ya kodi, umeme 3, nauli 2 kwa zile siku za mvua tu, malezi 12. Jumla 37.

Kwa nyumba, nauli na malezi kwa pamoja alikuwa ametenga 23, 8 na 12, yaani 43. Fleti yenye kodi ndogo inampeleka mafungu 8 kwenye deni kila mwezi. Ile "ya gharama" inamwachia 6. Na bado hatujahesabu muda: saa mbili za ziada barabarani kila siku, kwa siku 22 za kazi, ni saa 44 kwa mwezi ambazo mtoto anafanya kazi za shule na mtu mwingine au peke yake.

Sisemi karibu hushinda daima. Mzazi anayefanyia kazi nyumbani, ambaye watoto wanasoma shule ya mtaa wowote, mara nyingi atanufaika kwenda mbali. Ninachosema ni kwamba jibu linatoka kwenye jumla, na jumla hiyo kila familia ina ya kwake. Ipige kwa kila fleti unayoifikiria kwa dhati, ukurasa mmoja kwa kila fleti.

Kuhusu ukubwa sitakaa sana. Watoto wadogo kulala chumba kimoja hakuna ubaya wowote, na mzazi kulala sebuleni kwenye kitanda cha kukunja ili watoto wapate chumba ni mpango wa heshima kabisa. Kinachofaa kulipiwa zaidi ni mwanga, hewa na mlango unaofungika. Ukichukua chumba cha wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka, utawalipia wageni kodi ya mwaka mzima.

Kuna pia kuchangia fleti na mzazi mwingine. Inaweza kuokoa pesa nyingi, hasa mkipokezana malezi. Ila kubalianeni kwa maandishi kabla hamjaleta masanduku: kodi igawanywe kwa vyumba, maji na umeme vigawanywe kwa vichwa, jina la nani litakuwa kwenye mkataba, na mmoja akitaka kuondoka atoe taarifa ya muda gani. Urafiki mwingi umefia kwenye bili ya maji.

Hatua ya 4: Kagua fleti kama mtu atakayelipa bili zake

Nenda mara mbili, mara moja mchana na mara moja jioni watu wakiwa wamerudi. Mchana utaona nyufa na unyevu. Jioni utasikia kelele, utaona kama maji yanapanda hadi ghorofa hiyo kila mtu akifungua bomba, na utajua kama ngazi zina taa. Kama kuna mtoto wa kubebwa na hakuna lifti, panda ngazi ukiwa na mzigo mkononi, halafu uamue.

Anzia kwenye maji. Omba mabomba yote yafungwe, kisha itazame mita kwa dakika kadhaa. Ikizunguka, kuna mahali panapovuja, na mlipaji utakuwa wewe. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linaweza kumwaga lita zaidi ya 20 kwa siku. Tangi la choo ndilo mwizi mkimya kuliko wote: tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi, usivute, subiri dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kifungio kimekufa. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini kibadilishwe na mwenye nyumba kabla hujasaini.

Kwenye umeme uliza jambo moja kwanza: mita ni yangu peke yangu? Mita ya pamoja humfanya mzazi mwenye taa tatu alipie friji za jirani. Kisha angalia vifaa vya kuzalisha joto, maana huko ndiko uniti zinakokwenda. Hita ya bafuni ya wati 4,000 ikitumika dakika 10 tu kwa siku inakula uniti 20 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku haifiki uniti moja na nusu kwa mwezi mzima. Kwa maneno mengine, dakika zile 10 za maji ya moto ni sawa na kuiwasha taa hiyo siku tatu mchana na usiku. Kuwafokea watoto kwa sababu ya taa huku hita ikiwaka nusu saa ni kupoteza sauti. Fleti ambayo hita yake haina swichi ya kuzima itakuhukumu kila mwezi.

Ukutani, tafuta alama za maji, rangi iliyofura, harufu ya uvundo nyuma ya kabati. Ukungu huchochea pumu na kikohozi, na kwenye bajeti yako utaingia kwa jina la dawa. Rangi inayobanduka kwenye majengo ya zamani huenda ina risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, na watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni. Madirisha ya ghorofani yawe na nondo au kizuizi. Kama havipo, uliza ni nani atakayeviweka na kwa gharama ya nani, na jibu liandikwe.

Halafu zungumza na mpangaji mmoja, hata kwa dakika tano pale chini. Muulize maji hukatika mara ngapi, kodi ilipanda lini, na waliohama walirudishiwa amana yao au la. Dalali hatakuambia hayo.

Hatua ya 5: Kusanya fedha ya kuingilia

Wazazi wengi wana uwezo wa kodi ya kila mwezi na wanakwama mlangoni. Fedha ya kuingia huwa na kodi ya mwezi wa kwanza, amana, ada ya dalali kama yupo, usafiri wa vyombo, kuunganisha huduma, kufuli mpya, mapazia, na vitu vidogo vinavyojumlika: balbu, ndoo, kamba ya kuanikia nguo. Kwa makadirio, ukilipa mwezi mmoja, amana ya mwezi mmoja, nusu au mwezi mzima wa dalali na hayo mengine, jiandae kwa mara tatu na nusu hadi nne ya kodi. Kwa kodi ya mafungu 18, hiyo ni kati ya 63 na 72. Anayeweza kuweka 6 kwa mwezi atahitaji miezi 11 hadi 12. Kama mwenye nyumba anataka miezi kadhaa kwa mpigo, hesabu inapanda zaidi.

Miezi mingi hiyo isikuvunje moyo; ina njia za kupunguzwa. Ziada ya miezi mizuri iende huku moja kwa moja. Kama una kundi la upatu unaloliamini, omba zamu yako iangukie mwezi wa kuhama. Amana inaweza kuombwa ilipwe kwa awamu mbili au tatu, na wenye nyumba wengi hukubali wakiona mpangaji ana kazi inayoeleweka na barua kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani. Kodi nayo hujadilika zaidi kwenye fleti iliyokaa tupu wiki kadhaa. Kila mwezi ikiwa tupu yeye anapoteza kodi nzima, kwa hiyo punguzo dogo la kila mwezi kwa mkataba wa mwaka si sadaka anayokupa.

Anza kuishi bajeti mpya kabla hujahama. Kama unalipa 12 sasa na unataka nyumba ya 18, kuanzia mwezi huu weka pembeni hizo 6 za tofauti, tarehe ileile ya kodi. Baada ya miezi mitatu utakuwa na vitu viwili: 18 mkononi, na ushahidi kwamba maisha yanawezekana kwa kiwango hicho. Ukishindwa kuziweka, kodi hiyo umeshajua haikufai na hujavunja mkataba wa mtu.

Neno moja la tahadhari. Usilipe chochote, hata kile kinachoitwa pesa ya kushikilia nyumba, kabla hujaingia ndani ya fleti na kuhakikisha anayepokea ni mwenye nyumba au wakala wake halali. Matapeli wanajua mzazi ana haraka.

Hatua ya 6: Soma mkataba, andika siku ya kwanza

Katika mkataba tafuta mambo haya: kodi itapandishwa lini na kwa taarifa ya muda gani, nani hutengeneza nini, amana hukatwa kwa sababu zipi na hurudishwa baada ya siku ngapi, na ukitaka kuhama mapema unadaiwa kiasi gani. Angalia pia kama kuna kifungu kuhusu idadi ya wakaaji. Taja watoto wako wote mapema. Mtoto aliyefichwa hugeuka sababu ya kukutoa.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, kabla kitanda hakijaingia, piga picha kila ukuta, kila dirisha, sinki, choo na mita zote mbili. Andika namba za mita na tarehe, mpelekee mwenye nyumba kwa ujumbe siku hiyohiyo. Mpangaji mwenye watoto ndiye wa kwanza kulaumiwa kwa michoro ukutani, na wakati mwingine michoro hiyo ilichorwa na watoto wa aliyetangulia. Kila kodi unayolipa idai risiti, na kama amepokea fedha taslimu akuandikie ujumbe wa kuthibitisha.

Hatua ya 7: Panga mtiririko wa mwezi

Kodi ikidaiwa tarehe 1 na mshahara ukiingia tarehe 5, utakuwa mdaiwa kila mwezi ingawa fedha unayo. Omba tarehe ya kodi isogezwe iwe siku moja au mbili baada ya mshahara, na omba kabla ya kusaini. Ni ombi dogo lisilomgharimu mtu, na linaokoa ugomvi wa mwaka mzima.

Fedha ikiingia, kodi iondoke saa hiyohiyo iende kwenye akaunti au pochi ya simu isiyo na matumizi mengine. Anayelipwa kwa siku agawe kodi kwa siku zake za kazi. Kodi ya 20 kwa siku 25 za kazi ni fungu 0.8 kwa siku, liwekwe kabla ya kupita sokoni. Chakula kigawe kwa wiki, tena wiki ya mwisho uipe kwanza, maana ndiyo inayoonewa.

Watoto wakubwa waambie ukweli kwa kipimo chao. Hawahitaji kujua madeni yako, ila mtoto wa miaka 9 anaweza kusoma mita ya umeme kila Jumapili na kuiandika kwenye karatasi mlangoni, na nimeona watoto wakiichukua kazi hiyo kwa ukali kuliko mkaguzi. Bafuni ndiko mabadiliko huonekana kwanza.

Hatua ya 8: Mwezi ukivunjika

Utavunjika tu, mtoto atalazwa au biashara italala. Mpangilio wa malipo uwe umeuandika mapema, kwa sababu siku ya hofu hatuamui vizuri. Chakula, kodi, maji na umeme, nauli ya kwenda kutafuta fedha, halafu ndipo wadai wengine kwa uzito wa madhara yao. Anayepiga simu kwa sauti kubwa si lazima awe wa kwanza.

Mwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe, kwa maandishi, ukitaja kiasi na siku: "Tarehe 5 nitalipa nusu, tarehe 19 nitamalizia." Kisha itimize tarehe 5 hata kama ni kwa shida, kwani ahadi ya kwanza ndiyo atakayokupimia. Kama ulifika na akiba ya dharura, hapa ndipo mahali pake; iguse bila aibu, halafu anza kuirudisha mwezi unaofuata hata kwa fungu moja.

Mikopo ya papo hapo ya simu iogope hasa kwa ajili ya kodi. Ada ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini ukiuzungusha mkopo huo mwaka mzima umelipa asilimia 120 na deni lenyewe bado liko palepale. Tena kodi hurudi kila mwezi; ukikopa kulipa ya mwezi huu, mwezi ujao unadaiwa kodi na mkopo kwa kipato kilekile. Kama pengo linajirudia miezi mitatu mfululizo, hiyo si dharura tena. Rudi kwenye ukurasa wa hatua ya 2 na ya 3, upige hesabu upya kwa bei za sasa, uone kama ni fleti isiyolingana na kipato au kuna gharama nyingine iliyopanda chinichini, mara nyingi malezi au nauli.

Hatua ya 9: Kodi ikipandishwa

Taarifa ya kupanda kwa kodi hufanya mtu atake kuhama siku hiyohiyo. Piga hesabu kwanza. Tuseme kodi ilikuwa 20, imekuwa 22. Kwa mwaka umeongezewa 24. Kuhama kunagharimu kama 70, na ukirudishiwa amana yako ya 20, bado ni 50 mfukoni mwako. Hata ukipata fleti nyingine kwa kodi yako ya zamani, itakuchukua zaidi ya miaka miwili kurudisha gharama ya kuhama, na hapo shule na mlezi hawajabadilika bei. Kwa ongezeko la 2, kubaki kuna faida. Ongezeko likiwa 5, ni 60 kwa mwaka, na ndani ya miezi 10 kuhama kumeshajilipa.

Ukiamua kubaki, usikubali mikono mitupu. Beba risiti zako za mwaka mzima, mwonyeshe hujachelewa, kisha omba moja kati ya haya: ongezeko lianze baada ya msimu wa ada, liingie kwa awamu mbili, au lije na matengenezo uliyokuwa ukiyadai, kama kifungio cha tangi, rangi ya chumba cha watoto au nondo za dirisha. Mtakachokubaliana kiingie kwenye mkataba mpya kikiwa na tarehe ya fundi kuja.